Mafuta Mazito kwa Basi la Njeri

Wiki ya kwanza tu Mardhiya Khelef alipoingia kazini kwenye gereji ya ami yake, alimsahihisha mbele ya mteja. Lilikuwa jambo dogo la breki, na alikuwa sahihi. Lakini tangu siku hiyo Ami Sultan hakumwita tena kwa jina lake. Alimwita "injinia," na alilitamka neno hilo kama mtu anayetema kokwa.

Gereji ilikuwa Edmonton, kaskazini mwa London, nyuma ya maghala. Marehemu Khelef, baba yake Mardhiya, na mdogo wake Sultan waliifungua pamoja walipokuwa bado vijana waliotoka Pemba. Khelef alikuwa na maneno mazuri ya kuwapokea watu, Sultan alikuwa na mikono. Kabla ya London alikuwa amekaa miaka kumi na moja kwenye vyumba vya injini za meli, na hakuna mlio wa chuma ambao hakuujua. Khelef alipofariki, Mardhiya aliacha kazi kwenye gereji kubwa alikosomea ufundi, akaja kushika nafasi ya baba yake. Alikuwa na miaka thelathini na minne na vyeti vyote vinavyotakiwa. Sultan alikuwa na sitini na tatu. Cheti chake kimoja kilikuwa kimekwisha muda, na hakutaka kabisa kwenda kukaa darasani na watoto ili apewe kingine.

Walifanya kazi namna hiyo miaka miwili. Ami upande wa kushoto wa gereji, yeye upande wa kulia, redio katikati. Kuna wiki zilizopita bila wao kusemezana zaidi ya "sogea" na "lete."

Katikati ya Desemba akaja Njeri Kamande na basi lake dogo, mara yake ya pili tangu Septemba. Njeri alikuwa nesi wa chumba cha upasuaji kwa miaka kumi na tisa kabla ya kuacha na kuanza kazi ya kuwapeleka wagonjwa wa figo hospitali, kusafishwa damu na kurudishwa nyumbani. Kazi hiyo alipewa na halmashauri ya mtaa, na halmashauri ilikuwa na sharti lake: kila basi linapohudumiwa, fundi mwenye cheti ajaze kadi na kutia saini.

"Kila asubuhi nikiiwasha inagonga," Njeri alisema kabla hata ya salamu. "Inagonga kama mtu ako nje ya mlango. Ikipata moto inanyamaza. Na mimi nabeba wagonjwa, sitaki mchezo."

Sultan alichukua bisibisi ndefu, akagusisha ncha yake kwenye ubavu wa injini inayonguruma na mpini akauweka sikioni. Alisikiliza muda mrefu akiwa amefumba macho, mpaka akaunasa mlio uliobaki kwa mbali.

"Beringi zimelegea," alisema. "Shafti inacheza ndani. Yataka mafuta mazito."

"Injini hii inataka 0W-30, Ami," Mardhiya alisema kutoka upande wake. "Imeandikwa kitabuni. Imeandikwa hata kwenye kifuniko cha kutilia mafuta, hapo ulipoweka mkono."

"Kitabu hakina masikio."

Mardhiya alifuta mikono, akamgeukia Njeri. "Namba ya kwanza ni ya baridi. Ikiwa ndogo, mafuta yanakimbia hata wakati wa barafu. Ya pili ni ya moto. Yeye anataka kukutilia 20W-50. Asubuhi ya baridi hayo yatakuwa kama asali."

"Asali hubeba," akasema Sultan. "Maji hayabebi kitu."

"Lazima kwanza yafike ndipo yabebe! Shafti haikai juu ya chuma, inaelea. Ikizunguka inayavuta mafuta, inayapenyeza chini yake, inakaa juu ya utando wa mafuta. Nafasi yenyewe ni nyembamba kuliko unywele. Yakichelewa kufika, chuma kinasaga chuma."

Sultan aliiweka bisibisi chini taratibu. "Weye unanifundisha mimi beringi? Mimi nimefungua injini ambayo beringi yake moja naweza kuilalia kama kitanda. Hujazaliwa. Baba'ko anauza viatu Wete, hajui spana inashikwa upande gani."

"Hiyo ilikuwa meli."

"Chuma ni chuma!"

Njeri aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Nyinyi ni familia?"

"Ami yangu," akasema Mardhiya.

"Mtoto wa marehemu kaka yangu," akasema Sultan.

"Basi pigianeni kelele nyumbani kwenu. Gari yangu naitaka saa tisa." Akaondoka kwenda kupanda basi la abiria.

Alichosema Sultan hakikuwa upuuzi mtupu. Beringi iliyolika huacha nafasi pana, na mafuta mepesi huvuja pembeni kabla hayajabeba mzigo. Injini nyingi za zamani zimeongezewa umri kwa mafuta mazito, na Sultan ndiye aliyeziongezea. Kosa lake lilikuwa moja. Aliusikia mlio akaamua sababu yake papo hapo, wala hakutaka kutazama zaidi. Mardhiya naye, siku ile, aliona neno moja tu kwenye kitabu akaling'ang'ania. Hakujiuliza kwa nini injini isiyo ya zamani sana ianze kugonga. Mwezi Septemba yeye mwenyewe alikuwa amelifungua karai la mafuta lililo chini ya injini hiyo hiyo, akabadilisha lililotoboka, akafunga jipya kwa gundi. Hilo halikumjia akilini hata kidogo.

Sultan akamwaga mafuta ya zamani na kutia yale mazito. Akaiwasha injini, akaiacha ipate moto, kisha akafunga geji ya presha. Mshale ukapanda juu kuliko kawaida. Mlio ukawa haupo.

"Presha hiyo hapo," akasema. "Sauti iko wapi? Hebu nitafutie, injinia."

"Umeipima ikiwa moto. Na presha ikipanda si kwamba mafuta yanapita. Yakikwama pia inapanda."

Sultan alikwenda mezani, akajaza kadi, akaitupa mbele yake. Mardhiya aliisoma. Kwenye mstari wa aina ya mafuta ami yake alikuwa ameandika 0W-30, kwa mwandiko wake mzuri wa shuleni.

"Huu uongo."

"Tia saini."

"Sitii."

"Basi kamwambie yule mama weye, mwenye vyeti. Mwambie gari haitoki leo, na wagonjwa wake kesho watembee kwa miguu mpaka hospitali. Nenda. Mimi nimemaliza kazi yangu."

Ilikuwa imebaki dakika kumi kufika saa tisa. Mardhiya alikuwa amegombana naye miaka miwili na siku ile alikuwa amechoka, mwili na moyo. Alijiambia kwamba injini nyingi zimeishi na mafuta yasiyo yake. Alijiambia kwamba wiki ijayo, ami yake akiwa hayupo, atampigia Njeri alete basi ayabadilishe kimyakimya. Akatia saini. Wiki hiyo ilipofika hakumpigia.

Majira yale ya baridi yalianza kwa mvua na joto la ajabu, na kwa wiki tatu hakuna kilichotokea. Kila Jumatatu Sultan aliuliza kwa sauti, akiielekeza kwa redio: "Basi la Njeri limekufa? Nauliza tu."

Januari, wiki ya pili, baridi ikashuka usiku mmoja hadi nyuzi tano chini ya sifuri. Alfajiri Njeri aliiwasha injini barabarani mbele ya nyumba yake. Taa nyekundu ya mafuta ikawaka na haikuzimika. Kwa desturi ya kazi yake ya zamani alihesabu: sekunde kumi na nane. Kisha ikazima, na kugonga kukaanza upya, safari hii kwa nguvu. Alikuwa na watu watatu wanaomsubiri kwa saa maalumu. Aliondoka.

Aliwachukua wazee wawili wanaume, akamchukua na Mama Reine, mwanamke wa Kongo wa miaka sabini na moja. Walikuwa kwenye barabara kuu ya North Circular, malori mbele na nyuma, wakati mlio ulipogeuka kuwa kishindo, kisha kishindo kimoja kikubwa, kisha kimya. Injini ilikuwa imekamata, haizunguki tena. Njeri aliliongoza basi likiwa bado na mwendo hadi ukingoni, akawasha taa za hatari. Joto la ndani likafa pamoja na injini. Gari la kuvuta lilichukua saa moja na dakika arobaini kufika. Wazee wale walikosa zamu yao ya kusafishwa damu. Wawili walipata nafasi jioni. Mama Reine hakuipata hadi kesho yake, na wakati huo maji yalikuwa yameshajaa mapafuni. Alilazwa siku nne.

Basi lililetwa gereji likiwa mgongoni mwa lori. Saa sita mchana Njeri akaingia, bado amevaa koti lenye alama ya kazi, uso umekauka.

"Nani alihudumia gari yangu?"

Mardhiya alifungua mdomo, lakini Sultan alikuwa ameshafika kwenye faili. Aliitoa kadi, akaiweka juu ya meza, akaigeuza ili Njeri aisome.

"Saini hii si yangu," alisema.

"Ami!"

"Ni ya nani? Sema."

"Mafuta umetia wewe. Mazito. Nilikukataza."

"Kadi yasema 0W-30. Kadi imetiwa saini na injinia. Mimi mzee tu hapa, nashika spana."

Mardhiya aligeuka kumwelekea. Angeweza kumpiga. Mkono wake ulikuwa kweli umeshika kitu, kipande cha bomba, na alikiona kule mkononi mwake kama si chake, akakiweka chini.

"Nilisikia mkigombana siku ile," Njeri alisema polepole. "Nilienda zangu nikaacha mkigombana, na sikujua ni nani alishinda. Makosa yangu. Sasa sikilizeni. Jumamosi saa nne nitakuja. Hiyo injini isifunguliwe mpaka niwe nimesimama hapa. Mkiigusa, naenda halmashauri na hii kadi, na mtafunga hii duka yenu wote wawili."

"Mama Njeri," Mardhiya alisema, "niliandika... nilitia saini nikijua si kweli."

Njeri alimtazama kwa chuki ya wazi kuliko aliyomtazamia mzee. "Basi wewe ni mbaya kumshinda. Yeye hakujua. Wewe ulijua."

Ijumaa Mardhiya alipata anwani kwa dereva mwenzake Njeri, akaenda kwa Mama Reine. Ilikuwa ghorofa ya tatu, kwenye majengo ya halmashauri, lifti mbovu. Mama Reine alifungua mlango akiwa amejifunga vitenge viwili juu ya sweta. Alikuwa ametoka hospitali siku hiyo hiyo. Hakumkaribisha ndani.

"Wewe njo fundi?"

"Ndiyo, mama. Nimekuja kuomba radhi."

"Wewe njo uliweka ile mafuta mubaya?"

"Sikuyatia mimi. Lakini niliandika uongo kwamba ni mazuri."

Mama Reine aliegemea mlango, akavuta pumzi. Alizungumza bila kupandisha sauti. "Nilikaa na baridi saa moja na nusu. Nilikojoa mu nguo, mbele ya wanaume wawili. Njeri alinifunika na koti yake, lakini baliona. Miaka sabini na moja. Unajua ile?"

"Mama, mimi..." Mardhiya alianza.

"Haujue," akasema Mama Reine. "Enda." Na mlango ukafungwa, si kwa kishindo. Komeo likasikika likiingia, kisha mnyororo.

Jumamosi saa nne kamili Njeri alikuwa amesimama gereji, mikono nyuma, kama alivyosimama miaka kumi na tisa pembeni ya meza ya upasuaji. Basi lilikuwa juu ya jeki. Sultan alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, hatua tatu kutoka hapo, akinywa chai bila kumtazama mtu. Alikuwa amekataa kushika kitu. "Afungue yeye," alisema. "Ndiye mwenye saini."

Mardhiya aliingia chini ya basi. Akafungua mafuta, yakatoka polepole, meusi na mazito, yakimetameta kwa unga wa chuma. Akalegeza bolti za karai moja moja, akalishusha. Akaelekeza tochi juu.

Pampu ya mafuta huvuta kupitia mdomo wenye chujio la wavu. Kwenye wavu ule, zaidi ya nusu yake, palikuwa pamenata vipande vya gundi nyeusi, virefu kama minyoo. Aliitambua papo hapo. Ilikuwa gundi yake. Mwezi Septemba alipofunga karai jipya alipaka nyingi mno, ikaminyika ndani, ikakatika, ikaelea mpaka ikanaswa na chujio. Ndiyo iliyofanya mafuta yawe machache asubuhi. Ndiyo iliyoleta kule kugonga ambako ami yake alikusikia. Yalipokuwa mepesi, mafuta bado yaliweza kupenya katika wavu uliobaki. Yalipotiwa mazito, na baridi ikaja, pampu ilivuta na hakuna kilichokuja.

Alilala pale chini, tochi mkononi. Kutoka alipokuwa aliona viatu vya Njeri, na mbali kidogo viatu vya ami yake. Hakuna aliyeweza kuona alichokiona. Vipande vile vilikuwa laini. Vidole viwili na kitambaa, na visingekuwepo. Angebaki na mafuta mazito tu, na mafuta yale yalikuwa ya Sultan, na unga wa chuma ungemhukumu Sultan. Alimfikiria alivyoitoa ile kadi kwenye faili, haraka, kama aliyekuwa ameshajiandaa. Alimfikiria akisema "injinia." Alitamani kwa kweli kumwona ameanguka.

Kisha akafikiria mnyororo ule ukiingia mlangoni.

Akatoka chini ya basi akiwa na chujio zima mkononi, hajagusa kitu, akaliweka mezani chini ya taa.

"Hii gundi ni yangu," alisema. "Nilifunga karai hili Septemba, nikapaka nyingi. Imeziba njia. Kugonga kulianza kwa sababu yangu mimi."

Sultan alinyanyuka kwenye ndoo. Alikuja, akainama, akatazama, na uso wake ukafunguka kwa furaha ambayo hakujaribu kuificha. "Ehe! Nilijua! Gundi! Mtu wa vyeti anapaka gundi kama siagi juu ya mkate! Mama Njeri, umeona? Umeona mwenyewe?"

"Nimeona." Njeri alikuwa ameinama pia. Aligusa ukingo wa wavu kwa kucha. "Na upande huu uko wazi. Kwa hivyo ilikuwa inapita kidogo."

"Kidogo," akasema Mardhiya.

"Halafu mkaweka kitu nzito."

Sultan akajivuta nyuma. "Presha ilikuwa nzuri. Niliipima kwa geji. Juu kuliko kawaida."

"Mzee," Njeri alisema, akimgeukia kwa mara ya kwanza siku hiyo, "mimi nimekuwa theatre miaka kumi na tisa. Nimeona mtu presha yake ni mia mbili, na vidole vya miguu ni vyeusi, vinakatwa. Presha iko juu, damu haifiki. Wewe unaniambia nini kuhusu presha?"

Treni ilipita kule nyuma na dirisha likatetemeka kidogo.

"Ni nani aliweka hayo mafuta?" Njeri aliuliza.

Mardhiya alinyamaza makusudi. Alikuwa ameshasema lake. Sultan alitazama chujio, akatazama mkono wa Mardhiya uliojaa mafuta, akatazama mlangoni.

"Nimetia mimi," alisema hatimaye. "Na kadi nimejaza mimi. Na kwa mlio ule niliousikia, ningetia tena. Basi. Mmefurahi?"

"Hakuna mtu amefurahi hapa," akasema Njeri. "Mtaijenga hiyo injini. Nyinyi wawili, mikono yenu, si mtu mwingine. Mimi nitakuja kila siku."

Na alikuja kila siku, kwa siku nne. Aliketi kwenye kiti cha wateja na thermos yake ya chai, akatazama.

Waliishusha injini. Wakaitoa shafti. Beringi, zile nusu duara za chuma laini zinazoizunguka, zilitoka zikiwa zimechakaa. Ya nne ilikuwa imezunguka na kuyeyuka, ikawa haina sura. Walifanya kazi bila kusemezana. Aliyetaka spana alinyoosha mkono na kusubiri, na mara nyingine mwenzake alimwacha asubiri. Siku ya pili Sultan alimkuta Mardhiya akianza kupaka gundi kwenye kifuniko cha mbele, akasimama nyuma yake akihesabu kwa sauti kila tone. Mardhiya aliitupa ile tyubu ukutani.

"Okota," akasema Sultan.

"Okota wewe."

Aliiokota Njeri, akaiweka mezani, akarudi kitini bila neno.

Siku ya tatu shafti ilirudi kutoka kwa mchonga vyuma imesafishwa, pamoja na beringi mpya. Mardhiya alizipima moja moja kwa mikromita akaziandika sawa. Sultan alizipitisha mikononi akiwa amefumba macho, kidole gumba juu ya ule mpindo. Ya sita aliitenga.

"Hii mbaya."

"Nimeipima. Sawa kama nyingine."

"Pima tena. Pembeni."

Alipima pembeni. Ilikuwa imepinda, kitu kidogo ambacho jicho lisingekiona. Mardhiya aliichukua akairudisha kwenye boksi, akaagiza nyingine. Hakumpa ami yake hata neno moja la kumridhisha, na ami yake hakulingoja.

Kisha wakapima nafasi. Waliweka uzi mwembamba wa plastiki juu ya shafti, wakafunga beringi juu yake, wakakaza, wakafungua. Uzi ulikuwa umebonyea ukawa bapa, na upana wa ubapa ule ulieleza nafasi iliyobaki ya mafuta. Mardhiya aliulinganisha na kipimo kilichochapwa kwenye karatasi: sehemu nne katika mia za milimita. Sultan alivaa miwani, akaichukua ile karatasi, akaangalia mwenyewe. Akaangalia tena beringi nyingine, na nyingine. Zote nafasi ile ile, nyembamba mno kwa mafuta mazito. Alivua miwani, akarudisha karatasi mezani, akaenda nje kuvuta sigara.

Siku ya nne injini ilikuwa ndani ya basi. Juu ya meza palikuwa na makopo mawili. Sultan alikuwa ameleta lake. Safari hii si 20W-50, ni 10W-40, na alilisimamisha karibu na lile la 0W-30 kama mtu anayeweka kete.

"Injini mpya mpya," alisema, "kwa wiki mbili za mwanzo..."

"Hapana," akasema Mardhiya.

"Sijamaliza kusema!"

Njeri alinyanyuka. Alifungua kitabu cha gari, akatafuta ukurasa kwa kidole, akasoma, akachukua kopo la 0W-30, akalilinganisha herufi kwa herufi kama alivyokuwa akilinganisha jina la mgonjwa na dawa yake. Kisha akapanda juu ya kijukwaa, akafungua kifuniko, na kuyamimina mwenyewe. Mafuta yalikuwa mepesi, ya rangi ya chai isiyokolea. Ami na mtoto wa kaka yake walisimama pande mbili za basi wakimtazama.

Mardhiya aliizungusha injini kwanza bila kuiwasha, mpaka taa nyekundu ikazima, ili mafuta yatangulie kufika. Kisha akaiwasha. Haikugonga. Ilinguruma kwa ulaini, na Sultan, ambaye mkono wake ulikuwa umeshafuata bisibisi ndefu, alisikiliza sehemu tano tofauti kabla ya kuiweka chini.

"Iko sawa," alisema, bila kumwambia mtu yeyote.

Njeri alikusanya thermos yake na kitabu chake. "Service inayofuata sitaleta hapa," alisema. "Wala sitawasemea vibaya. Watu wakiniuliza, nitawaambia ilivyokuwa." Akaondoka na basi lake.

Sultan alianza kufagia. Mardhiya alikusanya vifaa vyake, akaviweka kwenye sanduku la baba yake, akavua ovaroli.

"Unakwenda wapi?"

"Naondoka."

Ufagio ulisimama. "Kaka yangu angekuwa hai, usingenivua nguo mbele ya mteja."

"Baba angekuwa hai, usingenitaka nitie saini ya uongo."

"Nani alikushika mkono ukatia? Nilikushika mkono mimi?"

"Hukunishika," akasema Mardhiya. "Hilo nalijua. Nitalijua maisha yangu yote, huna haja ya kunikumbusha."

Sultan alifagia tena, kwa nguvu, vumbi likaruka mpaka kwenye viatu vya Mardhiya. Mardhiya akatoka, wala hawakuagana.

Mwezi wa pili Mardhiya alipata kazi Hayes, upande wa uwanja wa ndege, kwenye gereji ya magari yanayovuta mizigo ya ndege. Ilikuwa mbali, treni na mabasi mawili, na wenzake kule hawakujua chochote juu yake. Aliipenda kwa hilo.

Sikukuu ya Iddi familia ilikusanyika kwenye mkahawa wa Edgware Road, meza ndefu, watoto wakipiga kelele kwa Kiingereza. Sultan aliketi kichwani mwa meza kwa sababu sasa ndiye mkubwa. Mardhiya alipoingia, mama yake alikuwa amemwekea nafasi karibu na ami yake, kwa tamaa ya mama ya kuwapatanisha. Shemeji mmoja, hajui lolote, akauliza kwa uchangamfu gari lake litiwe mafuta gani, maana siku hizi linagonga asubuhi.

"Muulize injinia," akasema Sultan, akitafuna.

"Fungua kwanza uangalie linagonga kwa nini," akasema Mardhiya. "Usimwendee fundi anayesikiliza tu."

"Wala anayepaka gundi."

Mama yake alimshika mkono chini ya kitambaa, lakini Mardhiya aliutoa, taratibu, asimuumize. Alichukua sahani yake ya biriani, akasogea mpaka mwisho kabisa wa meza, walikoketi watoto, akawaomba wampishe. Walimpisha.